Pointi Ambazo Hazikuwa Zangu

Nilianza kazi nikiwa nyuma ya lori na nikamaliza nikiwa mbele. Huko ndiko kupanda cheo kwangu, hatua nne hivi, na sina kingine cha kuwaonyesha. Kama mlikuwa mnangoja habari za vyeti na mishahara, rudisheni hizi karatasi mwende mkaoshe magari.

Nyinyi madereva vijana mmenisumbua tangu niache kazi. Mzee, andika. Mzee, tuandikie ile stori ya korti kabla watu wa Kitengela hawajaiongezea chumvi. Sawa. Nimekaa kwa meza ya binti yangu na nimechukua kalamu yake. Shule niliacha darasa la tatu, baba alipoona ng'ombe wanapotea na mimi niko darasani nahesabu vijiti. Kwa hivyo herufi zangu ni kubwa na zinatembea zikipanda mlima. Mtasoma hivyo hivyo.

Siku ya kwanza sikuwa nimeenda kutafuta kazi. Nilikuwa nimepeleka mbuzi wawili soko la Bissil. Kulikuwa na lori limeegeshwa, na fahali mmoja mweusi amekataa kupanda. Watu sita wanamvuta, wawili wanamchapa, na dereva amesimama mbali kabisa, karibu na choo. Nikawaambia wamwache. Nikamzungusha fahali mara moja, nikampeleka kama tunaenda nyumbani, halafu nikamgeuza taratibu, akapanda mwenyewe.

Dereva akaja. Alikuwa anaitwa Kariuki, mtu wa Murang'a, mfupi, na kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Huyo fahali ni wako?"

"Hapana."

"Sasa mbona anakusikia?"

"Sikumpigia kelele."

"Panda nyuma," akasema. "Na hao mbuzi wako uza haraka, tunaondoka."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa tanboi, msaidizi wa dereva. Tanboi wa ng'ombe si kama tanboi wa saruji. Saruji ukishaipanga unalala juu yake. Ng'ombe unasimama nao mpaka kichinjio cha Kitengela, umeshika ubao wa juu, unaangalia nani anataka kulala. Akilala atakanyagwa, na akikanyagwa, mwenye ng'ombe atakuuliza wewe, si dereva. Unamwinua kwa kumpinda mkia. Unawapanga mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, wakiwa wamebanana kiasi cha kushikana lakini si cha kukosa hewa. Mambo haya hayako kwa kitabu chochote, na kama yako, mimi sikukisoma.

Kariuki aliogopa ng'ombe kuliko alivyoogopa askari, lakini aliwaendesha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alipoanza kunifundisha usukani, alinipa sheria moja. Akasema, "Usiangalie mshale wa spidi. Sikiliza nyuma. Ukisikia kwato, umekosea."

Maana yake ni hii. Ukifunga breki vibaya, ng'ombe wanasogeza miguu, na kwato zinagonga mbao. Ukikata kona vibaya, kwato. Ukibadilisha gia kama unavunja kuni, kwato. Dereva mzuri wa ng'ombe anatoka Bissil mpaka Kitengela na nyuma kumenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Ilinichukua karibu miaka miwili kufika hapo. Kuna wengine wenu hamjafika, na mnajijua.

Siku ya mtihani wa leseni, waliweka mezani mji mdogo wa mbao, na gari la kuchezea. Afisa akashika fimbo, akaniuliza alama moja moja. Watu wa shule walikuwa wanatetemeka. Mimi nilizaliwa kwa watu wanaosoma masikio ya ng'ombe. Mkato huu ni wa ukoo fulani, mkato ule ni wa ukoo mwingine, na ukikosea kuna vita. Mtu wa namna hiyo utamtisha na alama za barabara? Nilizitaja zote. Kisha akanipa karatasi nisome kwa sauti, nikamwambia, "Hiyo sasa ni mambo mengine." Alicheka akanipitisha.

Wakati huo leseni ilikuwa kitabu kidogo chekundu. Nilimwonyesha Kariuki nikiwa nimevimba kichwa. Akakifungua, akaangalia picha, akaangalia uso wangu, akakifunga.

"Unajua hii inasema nini?"

"Inasema naweza kuendesha."

"Kuendesha ulikuwa unaweza hata jana. Hii inasema kukiharibika kitu, ni nani aitwe."

Mimi ni Mmaasai, na kwetu mtu akikufanyia kitu kikubwa huwezi kumshukuru kwa mdomo peke yake. Nilimpelekea Kariuki ndama jike. Na kwetu mkishapeana mnyama, mnaacha kuitana kwa majina. Mnaitana kwa yule mnyama. Ikiwa ni ndama, mnaitana Paashe. Ikiwa ni kondoo, Paker. Hilo jina halifi, hata mnyama akifa. Kariuki wa Murang'a aliniita Paashe mpaka alipozikwa, na alilitamka vibaya miaka yote hiyo. Nami nilienda kwake kila msimu kuuliza ndama amekuwaje, amezaa, amezaa nini. Ndivyo inavyofanywa. Huwezi kumpa mtu mnyama halafu ukanyamaza.

Nitawapa kisa kimoja cha siku hizo, kwa sababu kila mara mnaniomba. Tulikuwa na ng'ombe kumi na wanane kwa kibali. Mmoja akazaa tukiwa kwa kizuizi cha polisi, kabla ya Isinya. Askari akahesabu.

"Kibali kinasema kumi na wanane. Hapa kuna kumi na tisa."

Kariuki akatoa kichwa dirishani. "Huyo hatukutoka naye Bissil, afande. Amezaliwa hapa kwako. Kibali chake andika wewe."

Tuliruhusiwa.

Kariuki alipoacha kazi mimi nikachukua usukani, na miaka ikapita kwa namna ambayo inapita ukiwa unafanya kazi. Nimeendesha lori za matajiri watatu. Wa mwisho ni Mama Nduta, ambaye mnamjua, kwa hivyo sitamsifu wala sitamsema zaidi ya yale nilimwambia mbele yake. Alianza na pikapu moja ya kuuza nyasi. Sasa ana lori sita. Ni mwanamke wa kazi. Lakini kwa uwanja wake wa magari kulikuwa na tabia moja mbaya, na nataka muielewe vizuri, maana mimi ndiye niliyeifuga.

Funguo za magari zilikuwa zinaning'inia kwa misumari, ofisini, nyuma ya mlango. Asubuhi unakuja, unachukua, unaenda. Hakuna anayeandika nani amechukua gani. Ilikuwa ni uaminifu, tulisema. Tulijivunia.

Halafu zikaja kamera barabarani, na pointi. Nyinyi mmekuta hiyo kitu iko, lakini sisi iliturukia. Zamani ukikosa unakutana na askari ana kwa ana, mnaongea, anakuandika au anakuacha. Sasa kamera inapiga picha ya namba ya gari, ujumbe unaingia kwa simu ya mwenye gari, na mwenye gari anatakiwa aseme nani alikuwa anaendesha. Dereva anaweka sahihi kukubali, na pointi zinaingia kwa leseni yake. Zikijaa, leseni inasimamishwa. Huwezi kuongea na kamera, wala haina mjomba unayemjua.

Wazee wengi walilia na hizo pointi. Mimi sikulia. Leseni yangu ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Na hapo ndipo ujinga wangu ulianzia, kwa kiburi.

Ilikuwa wakati wa ule ukame. Lemayian alikuwa ndiye dereva mdogo kwa uwanja, miaka kama thelathini. Baba yake nilimjua, na ng'ombe wa baba yake walikuwa wameisha, wote, mifupa imelala kando ya barabara. Mke wa Lemayian alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Mama Nduta akaingia na simu mkononi.

"Nani alikuwa na lori ya buluu Jumanne? Imepigwa picha kwa mteremko, inakimbia kama inafukuzwa."

Watu wote wakaangalia misumari. Misumari haikusema. Nikaona Lemayian amekuwa rangi ya majivu. Alikuwa na pointi nyingine tayari.

"Andika mimi," nikasema.

Mama Nduta aliniangalia. Alijua si mimi. Kila mtu alijua. Akaandika, nikaweka sahihi yangu, ile yangu kubwa inayojaza mstari mzima.

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzako ni gunia la usufi. Nilibeba nikaona kweli, mwepesi. Kesho yake asubuhi Lemayian akaja amenyoosha mkono, akanisalimu kwa Kimaasai mbele ya madereva wote.

"Sopa, Papointi."

Uwanja ulicheka mpaka mbwa akaamka. Papointi! Amenipa pointi, nimepokea, sasa tunaitana hivyo, kama watu waliopeana ng'ombe. Mimi pia nilicheka. Nisiwadanganye, nilifurahi. Lilikaa kwangu kama heshima hilo jina, na hata vijana wa kichinjio wakalishika. Papointi, leta lori huku. Papointi, chai iko tayari.

Mara ya pili ilikuwa mstari wa njano. Lemayian alipita gari mahali pasipopitwa. Hakungoja hata Mama Nduta aingie. Alinikuta naosha miguu kwa bomba.

"Papointi, kuna ingine."

Hakunipa sababu na mimi sikumwomba. Niliweka sahihi miguu ikiwa na maji.

Baada ya hapo ikawa ni desturi. Mzee mwingine alimbebea mpwa wake. Dereva wa nyasi alimbebea dereva wa kokoto, na yule akamrudishia. Wenye leseni safi tulikuwa kama watu wenye malisho, wengine wanaleta mifugo yao wakati wa kiangazi. Tuliona ni undugu.

Sasa nisikilizeni. Nimewaambia kwamba ukimpa mtu mnyama, unaenda kumwangalia. Unauliza amezaa nini. Zile pointi za Lemayian, mimi sikuwahi kuuliza zimezaa nini. Zilikuwa zinazaa. Kila nilipobeba, yeye alijifunza kwamba barabara haina makali. Nilimfundisha mimi, mzee wa kwato, bila kufungua mdomo.

Nilikuwa nimebakisha miezi miwili kustaafu. Asubuhi moja, Ijumaa, Lemayian alikuwa anatoka Kajiado na ng'ombe, na kabla ya Isinya akapita lori la mawe kwa mstari wa njano. Mbele kulikuwa na bodaboda. Mwenye bodaboda akakata kuingia kwa majani. Yeye hakuumia. Lakini nyuma alikuwa amembeba mama mmoja anaitwa Nashipai, anauza maziwa Isinya, na mitungi yake miwili. Alianguka chini, mtungi ukamwangukia, mguu ukavunjika chini ya goti. Lemayian aliona kwa kioo. Hakusimama. Alisema baadaye aliogopa watu wangemchoma na lori na ng'ombe. Labda. Lakini watu walikuwa wameshika namba ya gari, na polisi wa Isinya wakampigia Mama Nduta. Jumatatu, lete dereva.

Jumamosi tuliitwa ofisini sote. Mama Nduta alifunga mlango, misumari ikawa mbele yetu.

"Mzee," akaniambia, kwa sauti nzuri, ile ya kununulia nyasi. "Umebakisha miezi miwili."

"Najua."

"Baada ya hapo, leseni ni ya kazi gani? Utaendeshea mbuzi?"

Wakacheka kidogo.

"Lemayian ana mtoto mdogo. Wako wamekua. Na polisi wa Isinya wanakujua tangu uwe na nywele nyeusi. Ukienda na hizo mvi, watakuona huruma. Yeye watamfunga."

"Mvi zangu si za kukodisha, Mama Nduta."

"Si nimekuomba tu."

"Na mimi nimekataa tu."

Lemayian akasogea. Macho yalikuwa mekundu, sidhani alikuwa amelala. "Papointi, hii ni ya mwisho. Naapa kwa mtoto wangu."

"Hata ile ya pili nilidhani ni ya mwisho. Na mtoto mwache nje ya hii maneno, yeye hana leseni."

"Hizo mbili ulibeba bila kelele," Mama Nduta akasema. Sasa sauti nzuri ilikuwa imeisha. "Leo umekuwa mtakatifu?"

"Sijakuwa. Nilibeba na nilikosea, na nilikosea nikicheka. Lakini leo kuna mama amelala hospitali Kajiado na plasta mpaka kwa paja. Nikisema ni mimi, nitaenda kumwomba msamaha wa nini? Na huyu aliyemwangusha, atawahi kumwambia nini, maisha yake yote? Atakuwa anapita Isinya akijificha nyuma ya usukani."

"Umemaliza kuongea?"

"Bado. Jumatatu nitaenda Isinya mwenyewe. Nitawaambia haikuwa mimi. Na nitawaambia na zile mbili hazikuwa zangu."

Hapo hata waliokuwa wanacheka walimgeukia Mama Nduta. Kwa sababu nikisema hivyo, nasema niliweka sahihi ya uongo, na nasema yeye aliandika akijua. Mama Nduta akaonyesha misumari kwa kidole.

"Weka funguo kwa msumari," akasema. "Na kesho kutwa usije."

Niliweka. Ile lori niliiendesha miaka tisa na funguo yake sikuwahi kuisahau nyumbani hata siku moja. Mlangoni nikamgeukia Lemayian.

"Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nimekaa kwa benchi ya polisi. Hiyo benchi inatosha watu wawili."

Nyumbani mke wangu aliniona nimekuja mchana.

"Umefukuzwa?"

"Nimestaafu mapema."

"Basi chota maji, mtungi uko tupu."

Nilichota. Sitawaambia kwamba sikuogopa. Niliogopa Jumamosi yote na Jumapili mpaka kanisani. Si jela niliogopa sana, ingawa hiyo pia. Niliogopa kwamba nitamaliza kazi ya maisha yangu nikiwa mtu ambaye leseni yake imejaa makosa, na hakuna hata moja alilolifanya, isipokuwa lile moja kubwa la kuyakubali. Niliona Kariuki akifungua kile kitabu chekundu, akiangalia picha, akiangalia uso wangu.

Jumatatu saa mbili nilikuwa kwa benchi. Saa mbili na nusu, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna mtu. Afande wa zamu alinipitia mara tatu.

"Mzee, si ungeanza tu?"

"Nangoja mwenzangu."

"Na asipokuja?"

"Basi nitaanza, na wewe utaenda kumchukua. Lakini ngoja kidogo. Kuja mwenyewe si sawa na kuchukuliwa."

Alikuja saa nne na robo, kwa miguu, shati amelifunga vifungo mpaka juu kama mtu anayeenda kuoa. Hakuniita Papointi. Alisema, "Sopa, mzee," nikamjibu, "Ipa," akakaa. Afande akaleta karatasi, na Lemayian akaongea yake yote bila kuniangalia. Kisha nikaongea yangu.

Kortini Kajiado tulipelekwa wiki hiyo hiyo. Hakimu alikuwa msichana, samahani, mheshimiwa, lakini kwa umri ni mdogo kwa binti yangu. Lemayian alikubali makosa. Alipigwa faini, na leseni yake ikasimamishwa mwaka mzima. Aliniruka kwa macho akienda kukaa. Halafu karani akaita jina langu.

"Mzee, unajua kwamba unajishtaki mwenyewe?" mheshimiwa akauliza.

"Najua."

"Una wakili?"

"Wa nini? Ningekuja kudanganya, ningemtafuta."

Watu wakacheka nyuma. Yeye hakucheka.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu, na sikulimaliza."

"Kwa hivyo ulipoweka hizi sahihi, hukuelewa kilichoandikwa?"

Hapo, vijana, alikuwa amenifungulia mlango. Mwanamke mzuri, alikuwa ananionyesha pa kupitia. Ningesema ndiyo, mimi ni mzee mjinga wa ng'ombe, sijui kusoma, nilidanganywa. Ningeenda nyumbani siku hiyo hiyo na leseni safi. Mama Nduta ndiye angebaki na kesi.

"Nilielewa, mheshimiwa. Nasoma polepole lakini nafika. Niliandika uongo nikijua ni uongo, mara mbili."

"Umejuta?"

"Kumsaidia mtu sijuti. Ninajuta kwamba haikuwa msaada."

Aliandika. Pointi ambazo hazikuwa zangu ziliondolewa, na kwa sababu ya sahihi za uongo nikapewa faini na leseni yangu ikasimamishwa miezi sita. Kwa hivyo yule anayewaambia pale kichinjio kwamba mzee alistaafu leseni ikiwa imefungiwa na korti, mwacheni aseme. Amesema kweli. Mwongezeeni na hii: lile kosa lilikuwa langu, la kwanza na la pekee, na nililipokea kwa jina langu.

Sherehe ya kuniaga haikuwa. Mbuzi haikuchinjwa, na ile shuka ambayo hupewa wanaostaafu sikupewa. Niko na shuka.

Mama Nduta naye aliandikisha maelezo yake Isinya, na hayo ni yake, atawaeleza mkimuuliza, kama mnathubutu. Lakini nyuma ya ule mlango sasa kuna daftari limefungwa kwa kamba. Huchukui funguo kabla hujaandika jina lako na saa, na ukirudi unaandika tena. Nasikia mnanung'unika kwamba ni kama shule. Andikeni. Andikeni hata mkiwa mnaenda kujaza mafuta tu. Na kama siku moja mwenzako ana shida, mnunulie mtoto wake maziwa, mlimie, mfundishe kona ile inayomshinda. Leseni yako isikopeshwe. Huwezi kuendesha na macho ya mwenzako, basi huwezi kukosea na leseni yake.

Miezi sita ilipoisha nilienda kuitoa. Msichana kwa dirisha aliangalia mwaka wangu wa kuzaliwa, akaniita babu kwa Kikuyu.

"Guka, bado unaendesha?"

"Hapana."

"Sasa leseni ni ya nini?"

"Nataka tu iwe yangu."

Alinipa. Iko hapa mezani ninapoandika, karibu na kile kitabu chekundu.

Lemayian alikuja kwangu kabla ya mwaka wake kuisha. Alikuwa anachunga ng'ombe za watu upande wa Matasia, amekonda, na alikuwa anavuta kondoo mnene, jike. Alisimama langoni.

"Mzee, nimekuletea."

"Wa nini?"

"Wa yale yote."

"Peleka Isinya."

"Mzee?"

"Mguu uliovunjika si wangu. Mpeleke kwa mwenye mguu. Akikufukuza, urudi kesho. Akikufukuza tena, uende tena."

Alisimama pale kwa muda, kondoo anakula maua ya mke wangu. Kisha akageuka. Nasikia alifukuzwa mara mbili. Mara ya tatu Nashipai akapokea ile kamba.

Sasa ni juzi. Mwaka wake umeisha na Mama Nduta amemrudisha kazini, nyinyi mnajua. Nilikuwa na shughuli Bissil, na wakati wa kurudi nikamkuta sokoni ameshapakia, akanipa kiti cha mbele. Sijawahi kukaa upande huo wa lori, sikujua kuna joto hivyo. Tulipokaribia Isinya, nikamwona mama amekaa kando ya barabara na mitungi yake, fimbo imelala miguuni. Alipoona lori akainua ile fimbo juu.

"Paker!" akaita. "Wewe Paker, polepole!"

"Paker, nimesikia!" Lemayian akajibu dirishani, na mguu wake ulikuwa tayari kwa breki kutoka mbali.

Nikageuza sikio nyuma, kama nilivyofundishwa. Ng'ombe kumi na sita. Sikusikia kwato.